Utosi wa Ivo

Nesi Sabina alikuwa na mkono mtulivu na ulimi mkali, na kila mwanamke aliyewahi kujifungua Mtwara mjini alivijua vyote viwili. Alizaliwa Songea. Serikali ikamleta Mtwara akiwa msichana, akafanya kazi wodi ya wazazi miaka thelathini na mbili, akastaafu, akajenga vyumba vitatu Rahaleo. Alipodhani sasa atakaa afuge kuku, mradi mmoja wa kupima ubongo wa watoto wachanga ukapanga nyumba mtaa wa pili, ukatafuta nesi ambaye mkono wake hautetemeki. Wakamchukua yeye.

Mkono ulimpa kazi, na ulimi ulimpa jina. Kina mama walimwita Upupu.

Jina hilo lilianzia kwenye dawa ya utosi. Watu wa huku hawauachi utosi wa mtoto wazi. Pale juu ya kichwa panapopumua, ambapo mfupa bado haujafunga, bibi wa mtoto hubandika dawa: mizizi iliyosagwa, masizi ya chungu, nta ya nyuki na mafuta ya nyonyo, mpaka ikauke ishike. Wanasema ule ni mlango, na mlango haulazwi wazi. Sabina, kila alipoikuta dawa hiyo wodini, aliikwangua kwa kijiko mbele ya foleni nzima, huku akimuuliza mwenye mtoto kama alikuja kuzaa mtoto au kuzaa sufuria. Foleni ilicheka, kila mmoja akimshukuru Mungu kwamba si zamu yake. Miaka thelathini na mbili ya kukwangua, na hakuna bibi hata mmoja aliyeacha kupaka. Waliacha tu kuonyesha.

Mashine ya mradi ilikuwa utrasaundi, lakini si ile ya kutazamia mimba. Hii ilikuwa na kipimo kidogo kama kidole gumba. Kiliwekwa juu ya utosi, kikatazama ndani na kuonyesha damu inavyotembea kwenye ubongo. Mtoto akipapaswa kiganja cha kulia, damu hukimbilia mahali fulani upande wa kushoto wa ubongo, kwenda kuupokea ule mguso. Akipapaswa cha kushoto, hukimbilia kulia. Sabina alishika kipimo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akampapasa mtoto kwa brashi laini, sekunde kumi na tano, akamwacha apumzike, akampapasa tena. Mara saba kulia, mara saba kushoto. Walioletwa ni watoto waliochelewa kulia walipozaliwa, kujua kama ubongo wao umedhurika.

Kazi ya pili ilikuwa kutazama kilichorekodiwa. Mtaalamu wa kompyuta wa mradi, Joshua, alikuja kutoka Dar es Salaam akakaa naye siku tatu. Alimwekea kwenye kompyuta programu ya kutazamia picha, na ndani yake akachomeka programu-jalizi, yaani programu ndogo inayopandikizwa kwenye kubwa, iliyojua kusoma zile rekodi za damu. Akamweleza kwamba picha zimelala tabaka juu ya tabaka, kama kanga mbili zilizotandikwa kitanda kimoja. Ya chini ni ya kijivu. Hiyo ni sura ya ubongo wenyewe na mishipa yake. Ya juu ni ya rangi. Hiyo inaonyesha wapi damu iliitika mtoto alipoguswa. Kila tabaka limechorewa jicho pembeni: ukilibonyeza jicho, tabaka linafichika, ukilibonyeza tena linarudi. Chini kuna mstari wa muda, unauvuta kwa kipanya na rekodi inakwenda mbele au kurudi nyuma. Na ukibonyeza mahali popote kwenye ubongo, unachorwa mchirizi unaopanda na kushuka, kukuonyesha damu ya mahali pale ilifanya nini tangu mwanzo hadi mwisho.

Joshua alirudia maelezo hayo mara nne bila kuguna hata mara moja. Alipoona mama wa watu anainama karibu na kioo, akamkuzia maandishi bila kuombwa. Siku ya kuondoka alibandika karatasi mezani kwa herufi kubwa: KIJIVU KWANZA, RANGI BAADAYE.

"Rangi imekokotolewa tu, mama," alimwambia. "Inaweza kudanganya. Ukishaona kijivu kimekaa sawa, ndipo uiamini."

Wiki za mwanzo Sabina alifuata. Lakini kompyuta ilikuwa nzito, na matabaka yote mawili yakiwa wazi kila mbonyezo ulikawia kama foleni ya maji. Akagundua kwamba akilificha tabaka la kijivu, mambo yanakwenda haraka. Akalificha. Rangi zilimtosha: nyekundu ya moto pale ubongo ulipoitika, nyeusi pale usipoitika. Karatasi ya Joshua ikabaki mezani, kikombe cha chai juu yake.

Mwezi wa pili aliletwa mtoto Ivo kutoka Kilambo, kule mto Ruvuma unakoishia baharini. Alikuwa na wiki sita na nywele nyingi kama za mtu mzima. Mama yake, Marlene, alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa asiyeongea mpaka aulizwe. Baba yake, Dercio, alikuwa mpakizi wa mizigo bandarini, na alisimama nje getini kwa sababu, kwa maneno yake, mambo ya watoto ni ya wanawake. Aliyembeba mtoto alikuwa mama yake Dercio, Bibi Joana, ambaye watu wake walivuka mto kutoka Msumbiji wakati wa vita na hawakurudi tena.

Bibi Joana alimtazama Sabina usoni, akajua kwamba hajala tangu asubuhi. Akafungua pindo la kanga, akamwekea mezani karanga za kuchemsha, bado za uvuguvugu. Kisha akaona chupa ya jeli inayopakwa kabla ya kipimo, akaigusa, akaomba aishike kidogo. Akaibana kwapani mwake mpaka ikapata joto, ndipo akairudisha.

"Asije akashtuka," alisema.

Hakuna mtu mwingine aliyewahi kulifikiria hilo, wala Sabina mwenyewe.

Kipimo kilikwenda vizuri, mtoto akalala. Sabina akafungua rekodi hapo hapo. Upande wa kulia wa ubongo uliwaka kama kaa la moto. Upande wa kushoto ulikuwa mweusi tii. Akabonyeza upande wa kushoto pale mkono unaposikika: mchirizi ukalala kama uzi uliodondoka sakafuni. Akabonyeza pengine, ukalala. Akaandika kwenye kisanduku: kushoto hakuna jibu.

Kanuni ya mradi ilikuwa wazi. Ule ulikuwa utafiti, na wazazi hawakutakiwa kuambiwa lolote kutokana na picha mpaka daktari azipitie zote. Lakini Bibi Joana alimuuliza kwa upole, na karanga zilikuwa bado mezani. Sabina alitaka, kwa mara moja katika maisha yake, kumtendea mtu wema.

"Bibi, huu upande wa kushoto wa ubongo hauonyeshi kitu. Ndio unaoendesha mkono wa kulia. Huu mkono huenda usimfae."

Marlene alimtazama mtoto kama mtu aliyepewa mzigo wa mwenzake kimakosa. Bibi Joana hakulia. Aliushika mkono wa kulia wa mjukuu wake, akavikunjua vidole kimoja kimoja, akavibusu.

"Umelala tu," alisema. "Nitauamsha mimi. Dercio huyu alizaliwa na mguu uliolala, nikauamsha kwa kukanda, leo anabeba magunia."

Sabina aliyachukua kama maneno ya kizee, akamwita mwingine. Kupitia dirishani alimsikia Dercio akimwambia mlinzi wa geti kwamba wenzake wanazaa mtoto mzima, yeye kapewa nusu, nusu nyingine imebaki kwenye kompyuta. Mlinzi alicheka mpaka akashika ukuta.

Zikapita wiki saba. Masika yakaanza. Siku moja asubuhi akaja Husna, muuza vitenge wa Chikongola, na mtoto wake Amiri. Sabina alipima, akafungua rekodi, akaona rangi zimekatika katikati, kana kwamba mtu amezipitishia kiganja cheusi. Hilo hakuwahi kuliona. Na kwa kuwa siku hiyo hapakuwa na foleni, na mvua ilikuwa inapiga bati, akalibonyeza lile jicho, tabaka la kijivu likafunguka kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili.

Palikuwa na utepe mweusi ulioanzia juu kabisa, kwenye ngozi, ukashuka mpaka chini ya ubongo. Kingo zake zilikuwa zimenyooka kama kivuli cha nguzo uwanjani. Sabina aliutazama muda mrefu. Hakuwa msomi wa ubongo, lakini miaka thelathini na mbili ilimfundisha kwamba ugonjwa hufuata mishipa, na mishipa hupinda. Hakuna ugonjwa unaotembea kwa rula.

Alirudi kwa mtoto, akafuta jeli, akapanga nywele kando. Vidole vyake vikakuta mahali pakavu, penye kukwaruza, peusi kama nywele zenyewe.

"Hiki ni nini?"

"Hakuna kitu, sista."

"Husna."

"Mama mkwe kasema niifunike kwa mafuta, sista. Kasema Upupu akiiona atanivua nguo mbele za watu." Kisha Husna akasikia alichokisema, akaziba mdomo kwa kiganja.

Sabina aliinuka. Alichukua pamba na mafuta ya uvuguvugu, akailainisha ile dawa taratibu, robo saa nzima, mpaka ngozi ikatoka safi. Akapima tena. Utepe ulikuwa umetoweka. Ubongo wa Amiri uliwaka pande zote mbili. Nta na ule unga mkavu wa mizizi vilikuwa vimeizuia mashine kuona, basi.

Husna alipoondoka, Sabina alifungua rekodi ya Ivo.

Rangi kwanza, kama alivyoizoea: kulia moto, kushoto giza. Kisha akalibonyeza jicho. Utepe ulikuwepo, mpana, umeanzia ngozini upande wa kushoto na kingo zilizonyooka. Akauvuta mstari wa muda. Mishipa ilikuwa ikipwita kwa mapigo ya moyo, mtoto alipopiga chafya ubongo wote ukatikisika, lakini ule utepe ulisimama wima kama boriti. Akabonyeza ndani yake: mchirizi ukalala. Akasogeza kipanya kidogo, kidogo tena, mpaka ukingoni kabisa, pale ambapo kipande chembamba cha ubongo wa kushoto kilikuwa kimeponea nje ya kivuli, chembamba kama ukucha. Akabonyeza.

Mchirizi ukapanda. Ukashuka. Ukapanda. Akahesabu: mara saba. Kila brashi ilipogusa kiganja cha kulia, ubongo wa mtoto yule uliitika, ukiwa umebanwa nyuma ya mlango, na yeye hakuwahi kuja kufungua.

Alimpigia Joshua, akamweleza. Joshua aliuliza kama siku ile alikifungua kijivu.

"Sikukifungua."

Hakumgombeza. Alisema tu, "Sawa, mama," kwa sauti ndogo, na Sabina, aliyewagombeza wanawake maelfu, alitamani sana siku hiyo agombezwe.

Akampigia daktari wa mradi, Dokta Yohana, aombe gari. Daktari hakutaka kusikia habari ya gari. Aliuliza ni nani aliyemtuma awaambie wazazi. Alisema ule ni utafiti, si matibabu, kwamba familia ile itarudi kliniki ya miezi sita na itapimwa upya kwa utaratibu, na kwamba nesi asiende kuuchafulia mradi jina vijijini.

Akampigia Dercio, kwa kuwa namba iliyokuwa kwenye fomu ilikuwa yake. Nyuma yake zilisikika mashine za bandari.

"Nusu?" Dercio alisema. "Mimi sikai tena kule, sista. Niko Chikongola, nimeanza upya, mke mzima na watoto wazima watakuja. Muulize mama, ndiye anayempika."

"Anampika vipi?"

"Anamkanda, sista. Majani ya moto kutoka chunguni, kila siku, huo mkono. Ukipita pale unasikia kelele mpaka mtoni." Akacheka, na mtu mwingine upande wake akacheka pia, simu ikakatika.

Sabina hakungoja. Alivaa viatu vya mvua, akatia kwenye mkoba bandeji na dawa ya kuungua, akatoka barabarani akampata Yusufu wa bodaboda, aliyezoea kumpeleka sokoni. Alimwambia anakwenda Kilambo. Yusufu alitazama mbingu, akavua koti lake la mvua, akamvalisha yeye, akawasha pikipiki. Njia ilikuwa matope. Mara tatu Yusufu alishuka akasukuma, maji yakimfika magotini, na hakuuliza haraka hii ni ya nini. Sabina alikuwa anahesabu nyuma ya mgongo wake: wiki saba, kila siku. Kisha anajiambia labda bibi alichoka. Labda majani hayakuwa ya moto sana. Labda Dercio ni mwongo, maana watu wa namna ile hupenda kutia chumvi. Mkono wa mtoto ni mdogo, lakini bado mpya, unapona haraka. Kama ni malengelenge tu, yatapona.

Kilambo aliwauliza watoto waliokuwa wakicheza chini ya upenu nyumba ya Bibi Joana.

"Kwa Nusu?" mmoja wao akasema, na wote wakanyoosha vidole.

Bibi Joana alimpokea kama mtu aliyeletewa baraka. Alimkalisha kwenye kiti pekee cha nyumba, akamletea Yusufu kitambaa kikavu na uji, akamwita Marlene aje asalimu. Marlene alitoka jikoni. Mikononi alikuwa na majani ya mbarika, mapana, mabichi, na nyuma yake chungu kilikuwa kinatokota.

"Umekuja siku njema, sista," Bibi Joana alisema. "Mkono umeamka."

Kisha akasimulia, taratibu, kwa furaha ya mtu aliyefanya kazi ngumu ikafanikiwa. Mwanzoni alianza na maji ya uvuguvugu, mtoto hakusema kitu, akamtazama tu na kucheka. Bibi akajua: bado umelala. Akaongeza moto. Siku ya nne mtoto akalia.

"Tukashangilia, sista. Marlene huyu hapa, muulize. Tulipiga vigelegele. Nikasema, kama analia basi anasikia, dawa imefika. Nikaongeza tena. Sasa hata sijamgusa, akiliona jani tu, analia. Mtoto ana akili huyu."

Marlene alikuwa anatazama chini.

Ivo alikuwa amelazwa kwenye mkeka ndani, mkono wa kulia umefungwa kitambaa safi, kilichofuliwa na kukunjwa kwa uangalifu. Sabina alipiga magoti. Mtoto aliona mtu anausogelea ule mkono, akaanza kulia kabla hajaguswa, kilio kisicho na sauti mwanzoni, mdomo wazi, kama anayeomba ruhusa. Sabina akafungua kitambaa, mzunguko mmoja, mzunguko wa pili.

Haukuwa mkono wa malengelenge. Vidole vinne vilikuwa vimejikunja kwenye kiganja na kushikana nacho, ngozi ya kidole imeota pamoja na ngozi ya kiganja, nyekundu, inayong'aa, ngumu. Kidole gumba peke yake kilikuwa huru. Sabina alikigusa kwa ncha ya ukucha, na kile kidole kikamshika. Kikamshika kwa nguvu, kama kishikavyo kidole gumba cha mtoto mzima yeyote.

"Umeona?" Bibi Joana alisema nyuma yake. "Kinashika."

Ulimi wa Sabina, uliokuwa hauishiwi, uliishiwa. Angeweza kunyamaza, na hakuna aliyekuwa anamdai neno. Angeweza kusema umefanya vizuri bibi, sasa twende hospitali wamalizie, na yule bibi angezeeka akijua aliuamsha mkono wa mjukuu wake. Alilifikiria hilo akiwa amepiga magoti pale. Lakini Marlene alisogea, majani bado mikononi, akauliza, na ilikuwa mara ya kwanza Sabina kumsikia akiuliza kitu.

"Alikuwa mgonjwa, au hakuwa mgonjwa?"

"Hakuwa," Sabina alisema. "Mkono ulikuwa mzima tangu mwanzo. Picha niliisoma vibaya. Kosa ni langu."

Mvua ilikuwa inadondoka kutoka kwenye makuti. Yusufu, pale mlangoni, aliweka bakuli la uji chini.

"Ulisoma vibaya vipi?" Bibi Joana aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama anayetaka kuelewa kazi ya mwenzake.

"Palikuwa na kivuli, bibi. Kilifunika upande mmoja. Nilitakiwa kukiona, sikutazama."

"Kivuli cha nini?"

Bibi Joana alingoja, kisha akayatazama macho ya nesi, ambayo yalikuwa yamekwenda, bila yeye kutaka, kwenye kichwa cha mtoto. Akauinua mkono wake wa kulia akautazama ukucha wa kidole gumba.

"Niliikwangua," alisema. "Pale kwenye benchi, nje ya mlango wako. Watu walituambia, msije mkaingia na dawa, huyo mama ana maneno. Nilimwonea huruma Marlene, sikutaka achekwe na watu. Nikaikwangua kwa ukucha. Nilifika nusu, ukatuita jina." Akaushusha mkono. "Nusu iliyobaki nikaipaka mafuta."

Marlene aliingia jikoni. Walisikia chungu kikipinduliwa, maji yakifoka kwenye moto. Aliporudi alimwinua mtoto wake mkekani bila kumtazama mama mkwe wake, akajifunga kanga, akasimama mlangoni tayari kwa safari.

Yusufu aliwapakia wote watatu na mtoto kwa zamu mbili mpaka palipo na gari, akarudi mara ya pili kumchukua Bibi Joana ambaye hakuna aliyemwambia aje. Hospitalini daktari wa upasuaji aliugeuza ule mkono, akauliza ni nani aliyefanya hivi. Bibi Joana akasema mimi, na Sabina akasema mimi, na daktari akawatazama wote wawili akaandika. Vidole vitatenganishwa, alisema, mtoto akikua kidogo. Viwili huenda vikakunjuka. Kushika kalamu, au jembe, au sindano, asiahidiwe.

Wiki tatu baadaye, kidonda kikiwa kimekauka, Sabina aliomba wampime Ivo upya. Dokta Yohana alikubali, kwa sababu rekodi mbovu ilihitaji kubadilishwa na nzuri. Walikuja Marlene na Bibi Joana. Walikaa benchi moja, kila mtu mwisho wake. Dercio hakuonekana, ingawa bandarini alikuwa bado anasimulia ile ya nusu, na watu bado walikuwa wanaicheka.

Bibi Joana alipoiona chupa ya jeli aliichukua, akaibana kwapani, akangoja, akairudisha.

Utosi ulikuwa safi. Sabina aliutazama kwa tochi, akaupitisha vidole mara mbili, kisha akaweka kipimo. Akapapasa kiganja cha kushoto mara saba. Kwa mkono wa kulia hakuwa na kiganja cha kupapasa. Akapitisha brashi mgongoni mwa ngumi ile, na juu ya kile kidole gumba kilichobaki huru, mara saba. Mtoto aliiangalia brashi kwa hofu mara ya kwanza, akangoja maumivu, hayakuja. Mara ya saba alikuwa anaifuata kwa macho.

Sabina akafungua rekodi. Kijivu kwanza. Kilikuwa kimekaa sawa, mishipa yote imepinda inavyotakiwa kupinda. Akafungua rangi.

Upande wa kushoto uliwaka. Uliwaka kuliko wa kulia, doa pana, jekundu, linaloenea mpaka ukingoni, kuliko mtoto yeyote aliyewahi kumwona tangu mradi uanze. Akabonyeza katikati yake, mchirizi ukapanda hadi ukagusa juu ya kisanduku.

Marlene alitazama mara moja, akageukia dirishani, mtoto kifuani.

Bibi Joana alisogea karibu na kioo, polepole, mikono nyuma kama mtu aliyekatazwa kugusa. Aliuliza ile nyekundu ndiyo nini. Sabina akamwambia ndio mkono wa kulia, bibi, pale ubongo unapousikia.

"Na ule mwingine?"

"Ule pia mzima. Lakini huu umeumia, unasikia zaidi."

Bibi Joana alitikisa kichwa taratibu. Aliitazama ile nyekundu muda mrefu, rekodi ikafika mwisho, mchirizi ukasimama.

"Rudisha," alisema. "Nione tena."

Sabina akauvuta mstari wa muda mpaka mwanzo.